Tovuti Imehama, Viendelezi Vimegoma

Wakati wa mavuno, malori hupanga foleni Ubaruku, wilayani Mbarali, kusubiri mchele wa bonde la Usangu. Sehemu kubwa ya biashara hiyo huenda kwa simu. Lakini mwenye mashine ya kukoboa, shule binafsi au nyumba ya wageni anayetaka kuonekana na mteja wa Dar es Salaam asiyemjua, hufungua tovuti. Tovuti yenyewe haikai Ubaruku. Inakaa kwenye seva ya kukodi, mara nyingi kwa malipo ya mwaka. Bei ikipanda au huduma ikizorota, mwenyewe huihamishia kwingine.

Ikishahama, kila kitu huonekana shwari. Kurasa zinafunguka, picha zipo, bei ya mchele inasomeka. Tatizo hujitokeza siku msimamizi anapotaka kuongeza kiendelezi, tuseme fomu ya kupokea oda. Skrini inamjibu: “Warning: Failed to move file!” Anajaribu kiendelezi kingine, jibu ni lilelile. Wapo wanaoambiwa na fundi kwamba tovuti yote ijengwe upya, wakalipa fedha ambazo zingetosha kununua magunia ya mbolea. Hilo linauma, kwa sababu mara nyingi kosa liko kwenye mistari miwili tu.

Chukua Joomla, mfumo wa kuendeshea tovuti ulioanza mwaka 2005 na kupewa jina kutokana na neno la Kiswahili “jumla”. Kwenye folda yake kuu kuna faili liitwalo configuration.php. Ndani yake umo mstari wa $tmp_path, unaotaja folda ya kazi za muda, na wa $log_path, unaotaja folda ya kumbukumbu. Anwani hizo huandikwa kamili, kwa mfano /home/mpunga/public_html/tmp. Tovuti ikihama, faili hilo huhama na anwani zake za zamani. Kama kwenye seva mpya akaunti inaitwa mchele badala ya mpunga, folda inayotajwa haipo kabisa.

Kiendelezi huja kama kifurushi cha zip. Joomla hukipokea, hukiweka kwenye folda ya muda, hukifungua hapo, ndipo inagawa mafaili yake mahali panapostahili. Folda isipopatikana, kazi inakwama mwanzoni kabisa. Msomaji wa kawaida haoni dalili yoyote, maana kufungua ukurasa hakuhitaji hatua hizo.

Kurekebisha ni kazi ya dakika chache. Anwani sahihi ya akaunti huonekana kwenye ukurasa wa mwanzo wa cPanel, paneli ya kusimamia akaunti ya seva, kwa watoa huduma wanaoitumia. Msimamizi atengeneze kwanza nakala ya configuration.php, kisha abadilishe mistari ile miwili. Matoleo ya karibuni ya Joomla huweka kumbukumbu kwenye administrator/logs. Faili likikataa kuhifadhiwa, huenda ruhusa yake ni 444, yaani la kusomwa tu. Libadilishwe liwe 644 kwanza, na kazi ikiisha lirudishwe lilivyokuwa.

Anwani zikiwa sahihi na hitilafu ikabaki, kitu cha kutazama ni ruhusa na umiliki. Kwa kawaida folda hupewa 755 na mafaili 644. Wako mafundi wanaokimbilia 777, na kweli kiendelezi kinaweza kuingia, lakini namba hiyo inamruhusu kila mtumiaji wa seva hiyo kuandika ndani ya folda. Hiyo si tiba, ni kuacha ghala wazi usiku. Mara nyingi mafaili yalihamishwa kwa jina la mtumiaji mmoja ilhali tovuti inaendeshwa kwa jina la mwingine. Mtoa huduma aombwe kurekebisha umiliki. WordPress, mfumo mwingine wa kuendeshea tovuti, nayo ina dalili yake ya ugonjwa huohuo: ghafla inaanza kudai jina na nenosiri la FTP, njia ya kuhamishia mafaili, kila unapoongeza kiendelezi.

Kuna pia suala la PHP, lugha inayoendesha mifumo yote miwili. Isipobadilishwa, hupokea faili lisilozidi megabaiti 2, na viendelezi vingi vinazidi hapo. Toleo nalo lina maana: Joomla 5, iliyotoka Oktoba 2023, haifanyi kazi chini ya PHP 8.1, na kiendelezi kilichoandikwa kwa ajili ya PHP ya zamani kinaweza kuvunjika kwenye seva mpya. Toleo la PHP la seva ya zamani liandikwe kwenye karatasi kabla ya kuhama, pamoja na manenosiri yote, na karatasi hiyo akae nayo mwenye biashara mwenyewe, si fundi.

Akaunti ya zamani isifungwe haraka. Kwanza kiendelezi kimoja kidogo kisakinishwe kwenye seva mpya, kisha kiondolewe. Kikiingia na kutoka bila ujumbe wa kosa, malipo ya seva ya zamani yanaweza kusitishwa.