Trekta Ije Kabla ya Mvua ya Mwaka

Ndugu zetu wa vikundi, huku Kilifi na Malindi mvua ya mwaka huanza mwishoni mwa Machi au Aprili. Tukingoja inyeshe ndipo tutafute trekta, kila mtu anaitaka siku hiyo hiyo, na mahindi yanachelewa. Basi tuikodi mapema kama kikundi, mashamba ya majirani yafuatane, isizurure ikimaliza mafuta. Visiki ving'olewe kwanza: kimoja tu chaweza kuvunja diski, halafu ubishi wa nani alipe! Dereva alime kukatisha mteremko, maji yasizoe udongo. Minazi na mikorosho asiisogelee, mizizi mingi iko juu juu. Hapo jembe la mkono latosha. Mbuzi nao wafungwe, mahindi yakichipua hawana adabu.