Achia Jua Hiyo Kazi

Ukipita Kariokor kusaka mshipi, utaoneshwa aina mbili. Moja imepigwa rangi mpaka inang'aa, ni ya kudunga hapo hapo. Ingine imeachwa mbichi, nyeupe-nyeupe ka chapo haijaguswa na moto. Wengi hukimbilia ya kwanza. Mi niko upande wa ya pili. Ile brauni noma utaipika mwenyewe, rangi yake haitachafua tishati yako, na jua halitozi doh.

Lakini si kila ngozi hukubali hii form. Inafaa iwe imetengenezwa na magome ya miti, ka yale ya muthanduku. Magome yana tanini, na tanini ikikutana na miale ya jua na hewa hugeuka rangi yenyewe. Ngozi iliyotengenezwa na kromu badala ya magome, ile ya viatu mob za shule, utaanika mpaka uzeeke na hiyo brauni haitakuja. Cheki pale imekatwa: ka ndani kuna bluu ama kijivu, songa. Ka ni brauni nyepesi hadi katikati, ongea bei.

Kabla ya jua utahitaji mafuta, na yale ya ukweli hutolewa kwa mifupa ya miguu ya ng'ombe. Ukiyakosa, ya zeituni si mbaya. Ya kukaangia chipo yarudishe jikoni, juu yatakuja kunata na kunuka.

Kwanza pangusa ngozi na kitambaa chenye maji kidogo, la sivyo kila alama ya kidole itajichora hapo. Ikikauka, paka mafuta na mkono mwepesi, mbele na nyuma. Itageuka nyeusi ghafla. Usishtuke, mafuta yakisambaa itarudi kiasi. Iache ilale. Msee wa haraka humwaga chupa yote, halafu analia ati mshipi umelegea na longi imejaa mafuta. Kwani alidhani anakaanga samaki?

Asubuhi panda nayo juu ya ploti, pale kwa kamba za nguo. Manze, hapa ndio kuna kazi. Nairobi iko karibu na ikweta, tena zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, so hii miale haichezi. Geuza mshipi kila saa. Toa kile chuma cha kufungia, sogeza kitanzi, juu chochote kimefunikwa kitabaki cheupe. Ukishika na uhisi imekuwa moto, rudisha kivulini ipoe. Joto linakausha ngozi bure tu, rangi inaletwa na miale. Ndio maana kuifungia kwa dashibodi ya moti ni ushamba.

Kuna maboyz hutumia hiyo tabia ya kivuli kupiga luku. Unakata tepu herufi za mtaa wako, unabandika, unaanika, unabandua. Jina limebaki jeupe pe! Haitadumu, jua la kila siku litalimeza, lakini kwa kitambo utakuwa umesumbua base yote.

Ka unataka michoro ya nyundo, ichape kabla ya mafuta. Ngozi ikishakunywa mafuta hainyonyi maji poa, na bila maji mchoro haushiki.

Ukiona imebakisha kidogo tu ifike ile brauni unataka, iondoe juani. Jasho, mikono na jua la steji zitamalizia. Sugua nta ya nyuki, piga kitambaa kikavu, na hiyo siku ya kwanza usidunge longi nyeupe, mafuta yasihamie huko.