NYAMA YA PUGU, MKATE WA MELINI
Hesabu ya baga inayouzwa Kinondoni na Temeke

Baga, chakula ambacho zamani kilitafutwa zaidi katika hoteli za katikati ya jiji la Dar es Salaam, sasa inaliwa Kijitonyama, Mwananyamala, Tandika na Mbagala, kwenye meza za plastiki kando ya barabara. Migahawa mingi ya aina hiyo hujinadi kwamba kila kilichomo katika sahani kimetoka hapa hapa nchini. Dai hilo lina ukweli mwingi, ila si wote. Sehemu isiyo ya kweli ndiyo inayopaswa kuangaliwa kwanza na yeyote anayetaka kuweka fedha zake katika biashara hiyo.

Soko lenyewe lipo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, kati yao 1,346,674 wakiwa Temeke na 982,328 Kinondoni.

Upande wa nyama hauna ubishi. Ng'ombe huletwa mnada wa Pugu kutoka mikoa kama Dodoma, Singida na Shinyanga, na wengi huishia machinjio ya Vingunguti, ambayo yalianza kujengwa upya mwaka 2019. Kutoka hapo nyama husambazwa mabuchani na mara nyingi huuzwa siku hiyo hiyo. Kwa mchuzi hilo halina tatizo. Kwa baga lipo, kwa sababu ng'ombe wetu wa asili aliyekula majani na kutembea sana ana nyama isiyo na mafuta ya kutosha. Kitonge cha kukaangwa huhitaji mafuta yanayokaribia asilimia 20 ya uzito wake, vinginevyo hukauka kama kuni na mlaji harudi.

Hapa ndipo wapishi wazoefu wanapowazidi wageni wa biashara. Mgeni hununua steki tupu, akidhani bei kubwa ndiyo ubora. Mzoefu huchanganya nyama ya bei nafuu na kidari, au na nundu, ambayo ng'ombe wa asili amejaliwa nayo na ambayo ina mafuta tele. Kisha husimama buchani nyama ikisagwa mbele ya macho yake. Kilo moja hutoa vitonge 8 vya gramu 125, na kila kimoja hupoteza takriban robo ya uzito jikoni. Anayepanga bei kwa uzito wa nyama mbichi bila kukumbuka hilo, huku akimwahidi mlaji baga nene, anajipunja mwenyewe.

Mboga nazo ni za nyumbani: nyanya za Ilula mkoani Iringa, vitunguu vya Mang'ola na Singida, saladi na karoti za Lushoto, viazi vya Njombe na Mbeya. Sosi ya nyanya ipo ya Dabaga kutoka Iringa, na jibini hutengenezwa Njombe. Tatizo ni namna zinavyouzwa. Nyanya huuzwa kwa tenga na viazi kwa gunia, na gunia lenyewe huwa lumbesa. Tenga halina kilo maalumu, na nyanya za chini mara nyingi zimepondeka. Mvua zikiharibu barabara za mashambani, bei hubadilika ndani ya siku chache, ilhali bei iliyoandikwa kwenye ubao wa mgahawa haiwezi kubadilishwa kila Jumatatu. Wenye busara hupima tenga zima linapofika, hutoa zilizooza, ndipo hupata gharama halisi ya kilo moja. Ni kazi ya dakika kumi ambayo wengi huiona usumbufu.

Mkate ndio msafiri. Skonzi huokwa na waokaji wa jijini, lakini sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini hutoka ng'ambo. Mashamba makubwa ya Hanang, yaliyoendeshwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, hayakuwahi kuiondolea nchi utegemezi huo. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ni asilimia 35, ingawa wasagaji wamekuwa wakipewa unafuu wa kulipa asilimia 10. Kwa hiyo baga ya Tandika inabeba ndani yake bei ya dola, nauli ya meli na habari za vita. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya ngano duniani ilipanda kwa kasi, na aliyedhani anauza chakula cha nyumbani aligundua kwamba nusu ya mkono wake ilikuwa Bahari Nyeusi.

Lipo pia suala la kodi, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Tangu Julai 2023, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa VAT ni Sh milioni 200 kwa mwaka, badala ya Sh milioni 100 za awali. Mgahawa unaofunguliwa siku sita kwa wiki hufikia kiwango hicho kwa mauzo ya takriban Sh 641,000 kwa siku. Kama sahani ni Sh 10,000, hizo ni sahani 64 tu. Akishasajiliwa, mwenye mgahawa hutoza kodi, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Nyama na mboga ambazo hazijasindikwa zimesamehewa kodi hiyo, hivyo hana cha kudai kutokana nazo. Anayetegemea soko la Stereo na bucha ya jirani hubaki na marejesho madogo, ya soda, vifungashio na umeme. Kadiri anavyonunua zaidi kwa mkulima, ndivyo anavyokuwa na kidogo cha kupunguza katika kodi anayopeleka TRA.

Wakati huo huo, mwenye banda la chipsi mayai mlango wa pili, ambaye mauzo yake hayajafika huko, hana haja ya kuongeza kodi hiyo kwenye bei. Mlaji wa Mbagala hulinganisha sahani hizo mbili kwa bei ya mwisho, na chipsi mayai hushiba.