Nyimbo za Kumliwaza Mtahiniwa

Ufikapo mwezi wa Novemba, nyumba nyingi za Pwani huwa na mgonjwa asiyelazwa. Chakula hakimshuki, usingizi haumjii, akiitwa hushtuka, na akiambiwa neno dogo hujibu kwa ukali. Mgonjwa huyo ni mtahiniwa. Mitihani imebadilika majina, lakini homa yake ni ile ile. Mtihani wa darasa la nane, KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mahali pake sasa pana mitihani ya gredi ya sita na ya tisa, na ule wa kidato cha nne, KCSE, ungali unasubiriwa kwa hofu.

Mzazi, kwa kumtakia mwanawe mema, huzima redio, huficha simu na kupiga marufuku kila sauti nyumbani mpaka karatasi ya mwisho iishe. Mwana naye, kwa siri, hutia visikizi masikioni usiku kucha, na kitabu ki wazi mbele yake. Ndugu msomaji, kila mmoja kati ya hawa wawili ana haki yake kidogo, na kila mmoja amepotea njia kidogo. Wimbo ni dawa, na dawa ina kipimo chake na saa yake.

Wala jambo hili si la mzaha. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 humu nchini zilitiwa moto, na hofu ya mitihani ya majaribio ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Hatusemi kwamba wimbo ungaliuzima moto ule. Tunasema kwamba kijana aliyejaa dhiki hutafuta tundu la kuitolea, na asipopewa tundu la heri hujitobolea mwenyewe.

NGOMA IKILIA SANA

Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliligundua jambo la namna hiyo kwa kuwafunza panya. Panya walioshtuliwa kwa umeme kidogo mno hawakujali. Walioshtuliwa kwa kiasi walijifunza upesi. Lakini kazi ilipokuwa ngumu, wale walioshtuliwa kwa nguvu nyingi walichelewa kujifunza kuliko wale wa wastani. Mja naye ndivyo alivyo. Hofu kidogo ya mtihani humwamsha alfajiri, na hofu ikipita kiasi humfungia mlango wa kumbukumbu, akayasahau hata yale aliyoyajua jana.

Kwa hiyo kazi ya wimbo si kumfanya mtahiniwa asijali. Kazi yake ni kuilegeza ngozi ya ngoma kidogo, isije ikapasuka kabla ya siku ya shughuli.

WIMBO WENYE MANENO NA KITABU

Hapa ndipo vijana wetu wanapotatizika. Wengi hushikilia kwamba wao husoma vizuri zaidi wimbo ukiwa unalia masikioni. Pierre Salamé wa Ufaransa na Alan Baddeley wa Uingereza walilichunguza jambo hili katika miaka ya 1980. Waliwapa watu tarakimu za kukumbuka kwa mpangilio, huku wakiwasikizisha sauti mbalimbali. Waliona kwamba maneno huvuruga kumbukumbu hata kama msikilizaji hayatilii maanani, na kwamba muziki ulioimbwa huvuruga zaidi kuliko muziki wa ala mtupu. Sababu yake si ngumu kuielewa. Asomaye husema na nafsi yake kimoyomoyo, na mwimbaji naye humsemesha papo hapo. Ni nani awezaye kuwasikiliza watu wawili kwa wakati mmoja, akayashika ya wote?

Wako pia wanaotaja muziki wa Mozart, wakisema kuusikiliza huongeza akili. Habari hiyo ilitokana na uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 1993, uliofanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Walisikiliza kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi katika mafumbo ya maumbo, na faida hiyo haikudumu zaidi ya robo saa. Wachunguzi waliofuata walionyesha kwamba kilichofanya kazi ni uchangamfu wa moyo. Muziki unaompendeza mtu humchangamsha, na aliyechangamka hufanya kazi vizuri. Basi kama ni hivyo, mwana wa Mvita hana haja ya kwenda kuazima Ulaya. Ghala lake limejaa.

SAHANI YA DAKIKA TATU

Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Sahani za santuri za siku zile, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilichukua kama dakika tatu kila upande. Mafundi wa sahani hawakuwafikiria watahiniwa, lakini walituachia kipimo chema. Nyimbo mbili tatu za urefu huo, baada ya saa nzima ya kitabu, ni pumziko la kutosha.

Pima hapo na nyimbo za marehemu Umm Kulthum wa Misri, aliyefariki mwaka 1975. Hakuna aipendaye sauti asiyeinama mbele yake. Ila wimbo wake mmoja waweza kuchukua saa nzima, na mtahiniwa aliyekusudia kupumzika kidogo atajikuta adhana ya isha imemkuta kitini. Bibi huyo na angoje likizo.

Katika taarabu ya kwetu yako mengi ya kumfaa kijana. Udi wa Sharif Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, huenda taratibu, na mpigo wake hauna haraka. Asiyetaka maneno na ausikilize udi wenyewe utanguliapo wimbo. Marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, aliimba kwa mahadhi yenye harufu ya filamu za Kihindi, na mengi ya maneno yake yalikuwa mashairi ya binamu yake, bingwa Ahmad Nassir. Humo mna nasaha, mna mafumbo, mna subira. Huo ndio wimbo wa kupumzikia, kwani hutuliza moyo bila ya kuulaza ubongo.

Lakini tuambiane kweli. Si kila taarabu ni ya msimu huu. Nyimbo za mahaba humchukua kijana zikampeleka mbali, na kumrudisha kwenye hesabu ni kazi. Nyimbo za vijembe nazo humwachia mtu hasira za watu asiowajua. Aliye na mtihani wa kemia kesho ana nini na ugomvi wa mke mwenza wa mtu?

KASIDA NA DUA

Wako wazazi ambao ala za muziki haziingii nyumbani mwao, na wana haki ya kuheshimiwa. Suala hili wanazuoni wamelitofautikia tangu zamani. Ibn Hazm wa Andalusia alihalalisha, wengi walikataza, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulumuddin kueleza usikilizaji ufaao na usiofaa. Nyumba ya namna hiyo haikukosa tulizo. Kasida zipo, zenye dufu na zisizo na dufu.

Watu wa Pwani hawafundishwi kasida ni nini. Kila mwaka Lamu hujaa wageni kwa ajili ya maulidi ya Msikiti wa Riyadha, na madrasa zetu kutoka Vanga hadi Kiunga zina watoto wanaozighani kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Katika kasida zote, Burda ya Imamu Busiri, wa karne ya 13, ina kisa kinachohusu moja kwa moja jambo letu. Husimuliwa kwamba aliitunga akiwa amepooza nusu ya mwili, akamwona Mtume, rehema na amani zimshukie, usingizini, akaamka mzima. Tangu hapo waliodhikika huisoma wakitaraji faraja.

Shule nyingi zilikuwa na desturi ya siku ya maombi, wazazi wakija, dua ikisomwa na kasida ikighaniwa kabla ya mtihani. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilizikataza siku hizo katika muhula wa tatu, pamoja na ziara za wazazi, ili kuuziba mwanya wa udanganyifu. Nia ilikuwa njema. Lakini dua haikuhitaji lango la shule lifunguliwe. Nyumbani baada ya magharibi, jamaa wakiketi mkekani kwa muda mfupi wakasoma na mwana wao, atatambua kwamba hakubeba mzigo ule peke yake. Na asubuhi ya mtihani ana Suratul Inshirah, yenye aya nane tu, na ana dua ya Nabii Musa katika Sura Taha, ya kuombea kifua kikunjuke na fundo la ulimi lifunguke.

KUSOMA KWA MAHADHI

Wimbo una kazi nyingine ambayo wazee wetu waliijua kabla ya shule za serikali. Waliosoma vyuoni wanakumbuka jinsi watoto walivyoyumba mbele na nyuma wakisoma kwa sauti moja, na jinsi somo lililokataa kuingia kwa maneno matupu lilivyoingia kwa mahadhi. Vitabu vyenyewe vilitungwa hivyo. Tuhfatul Atfal, kinachowafunza watoto hukumu za tajwidi, kina beti 61. Alfiya ya Ibn Malik imefunga sarufi ya Kiarabu katika beti kama 1,000. Hata Mwana Kupona wa Pate, alipotaka kumuusia bintiye mwaka 1858, aliutia wosia wake katika utenzi ili ukae kichwani.

Basi mtahiniwa anayeshindwa kukariri tarehe za historia au majina ya madini, na ayatie katika mahadhi ya kasida aijuayo. Atajicheka kwanza, kisha atayashika. Kucheka kwenyewe ni nusu ya dawa.

Na iko karatasi moja ambayo wimbo ndio mtihani wenyewe. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, huuliza mashairi na fasihi simulizi. Mwanafunzi hutakiwa ajue bembelezi za kumlazia mtoto, hodiya za kazi, wawe za wakulima, kimai za mabaharia. Mambo haya mwana wa Faza au wa Gazi hakuyazaliwa nayo mbali. Nyanya yake angali anayo. Nusu saa ya alasiri barazani pamoja na bibi huyo, akimwimbia zile alizomlelea babaye, ni pumziko na ni somo. Na akimsikiliza Juma Bhalo, na ajiulize vina viko wapi, mizani ni mingapi, na fumbo lasema nini. Atakuwa amepumzika na amesoma, bila ya kuviweka viwili hivyo vigombane.

KIMYA NACHO NI CHA THAMANI

Mwaka 2006 madaktari wa Italia na Uingereza, Luciano Bernardi na wenziwe, walitangaza uchunguzi waliowafanyia watu 24, nusu yao wanamuziki. Muziki wa kasi uliharakisha pumzi na mapigo ya moyo, wa taratibu ukatuliza, na kilichotawala ni mwendo wa muziki kuliko aina yake. Lakini kilichowashangaza ni kimya. Walipoukatiza muziki kwa dakika mbili, miili ya wasikilizaji ilitulia hata kuliko ilivyokuwa kabla ya muziki kuanza.

Kwa hiyo wimbo ukiisha, usirukie mwingine. Kaa kimya kidogo. Kimya kinachofuata wimbo mtamu ni sehemu ya wimbo huo, nacho ndicho kinachomrudisha mtu kitabuni akiwa mzima. Na kulala na visikizi masikioni mpaka alfajiri ni kujinyima usingizi, na hakuna kasida wala taarabu inayolipa deni la usingizi.

Wazazi, msizime redio kwa muhula mzima. Wapangieni wana saa ya kitabu na dakika za wimbo, nanyi mkae nao wakati wa dakika hizo, kwani wimbo unaosikilizwa na wawili huliwaza zaidi. Vijana, kitabu kikiwa wazi, wimbo na ufungwe, na wimbo ukifunguliwa, kitabu na kipumzike. Mtihani ni wa siku chache. Mwana ni wa maisha, na matokeo yakija mema au yakija mengine, ni huyo huyo mtakayekula naye sahani moja.

Tuwaageni kwa ubeti:

Mtahiniwa sikia, usiuchoshe mtima,
Saa moja ukitia, dakika kumi simama,
Wimbo mwema kusikia, ndiko kupata uzima,
Ngoma ikilia mno, haikawii pasuka.