Umevaa picha yake, lakini unamjua?

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea hebu jiangalie kwanza. Kama umevaa soksi, kapelo au singlendi yenye nembo ya NBA, itazame vizuri. Bluu upande huu, nyekundu upande ule, na katikati kivuli cheupe cha jamaa anayekimbia na mpira. Umekiona? Haya niambie, huyo ni nani?

Swali hilo lilizua kasheshe Karatu, siku ya mnada. Nilikuwa nimeokota jezi ya Lakers kwenye rundo la mitumba, buku nne tu, nikaitupia begani na kwenda kupata chai ya maziwa na chapati kwenye kijiwe cha madereva wa magari ya watalii. Si unajua vijiwe vya Karatu? Pale ndipo magari yanapumzika kabla ya kupanda Ngorongoro, na madereva wakisubiri wageni wao hakuna mada inayoachwa salama.

"Huyo kwenye nembo si Jordan!" alisema mmoja, tena kwa kujiamini kabisa. Mwenzake akabisha, eti ni mchoro tu, hauna mwenyewe. Wa tatu, aliyekuwa kimya akichezea simu yake, akainua kichwa:

"Nyie hamjui kitu. Huyo ni yule mzee kichaa wa kwenye Winning Time. Yule anayevunja fimbo za gofu na kutukana kila anayemkuta. Si alishakufa?"

Kijiwe kizima kikacheka. Mimi nilijaribu kucheka, ikashindikana. Nikiri kwamba nilipoiangalia tamthilia ile kwa mara ya kwanza nilimcheka sana mzee huyo. Lakini siku ile maneno "mzee kichaa" yalinikaa vibaya, kwa sababu yule kijana alikuwa amepatia kila kitu isipokuwa mtu mwenyewe.

Anaitwa Jerry West. Alifariki dunia tarehe 12 Juni 2024, akiwa na miaka 86. Kwa miaka mingi NBA ilikwepa kusema rasmi kwamba kivuli cha kwenye nembo ni chake, lakini Alan Siegel, aliyeichora mwaka 1969, alikwishasema kwamba aliitoa kwenye picha ya West akiwa mchezoni. Kwa hiyo ukivaa nembo ile umembeba yeye, upende usipende.

MFALME WA KUSHINDWA

West alizaliwa mwaka 1938 huko West Virginia, jimbo la wachimba makaa ya mawe. Nyumbani hakukuwa na raha. Baba alikuwa mkali wa kipigo, na kaka yake, David, aliuawa mwaka 1951 kwenye vita vya Korea, Jerry akiwa bado mtoto. Mpira wa kikapu ukawa kimbilio lake.

Na alicheza haswa! Medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, kisha misimu 14 ndani ya NBA, yote akiwa na Lakers, kwa wastani wa pointi 27 kila mechi. Lakini sikia balaa lenyewe: alifika fainali mara 9, akashindwa mara 8. Mara 6 kati ya hizo aliyemliza alikuwa yule yule, Boston Celtics.

Mwaka 1969 ndio ulikuwa kiboko. Fainali ilifika mechi ya 7, West akiwa na maumivu ya mguu, na bado akafunga pointi 42, akadaka ribaundi 13 na kutoa pasi 12 za mabao. Lakers wakafungwa kwa pointi 2 tu. Mwaka huo ndipo ilipoanza kutolewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali, na wakampa yeye, aliyeshindwa. Mpaka leo hajatokea mwingine aliyeipata akiwa upande uliofungwa. Zawadi ikawa gari, tena la kijani, rangi ya Boston! Wewe ungelifurahia?

Mzee mmoja dereva aliyekuwa akisikiliza pembeni aliweka kikombe chini. "Mwanangu," akaniuliza, "umesema alishindwa mara ngapi?"

"Mara nane kati ya tisa, mzee."

"Na akarudi tena?"

"Akarudi. Mwaka 1972 akachukua ubingwa."

"Basi huyo ni mtu wa kwetu," akasema. "Ni kama Akhwari."

Kijiwe kikatulia. Nani asiyemjua John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, hapo jirani tu na Karatu? Tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico, alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kitambo, giza likaingia, na watu wengi wakawa wameshaondoka. Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, bandeji mguuni, wa mwisho kati ya waliomaliza. Naye, kama West, alizaliwa mwaka 1938.

Tofauti yao ni moja. Akhwari kamera ilimnasa yeye mwenyewe, kwa hiyo dunia iliona alichofanya. West akaja kuchezwa na mtu mwingine.

TAMTHILIA YENYEWE

Winning Time ilianza kurushwa na HBO mwezi Machi 2022, ikielezea Lakers wa enzi za Magic Johnson. West amechezwa na Jason Clarke, muigizaji kutoka Australia, na lazima tuseme ukweli, jamaa anaigiza. Anafoka, anatukana, anavunja fimbo ya gofu, anaitupa tuzo yake ya mwaka 1969 ikapasue dirisha la ofisi. Ukimwona lazima ucheke.

West hakucheka. Aprili 2022, akiwa na miaka 83, mawakili wake waliandika barua kudai aombwe radhi na tamthilia isahihishwe. Baadhi ya watu waliofanya naye kazi walijitokeza kusema kwamba mtu yule wa kwenye skrini siye waliyemfahamu. Kareem Abdul-Jabbar, nyota wa timu ile ile, naye aliikosoa hadharani. HBO wakajibu kwamba kazi yao haikuwa filamu ya kumbukumbu, ni tamthilia iliyotokana na utafiti. Radhi haikuja. Mwaka 2023 tamthilia ikakatishwa baada ya misimu miwili, na mwaka uliofuata mzee akaondoka.

Sasa msomaji, usidhani nakwambia West alikuwa malaika. Alikuwa na hasira, alikuwa na huzuni nzito, na aliyesema hivyo wa kwanza ni yeye mwenyewe. Mwaka 2011 alitoa kitabu cha maisha yake, akaeleza wazi kipigo cha baba, kifo cha kaka, na ugonjwa wa sonona uliomwandama tangu ujana. Hata alipokuwa kiongozi wa Lakers, mechi ikiwa ngumu mara nyingi alishindwa kukaa, akatoka nje ya uwanja kwa sababu roho ilikuwa haistahimili.

Hapo ndipo ninapogombana na tamthilia. Maumivu aliyoyatoboa mtu mwenyewe kwa ujasiri, wao waliyageuza kichekesho. Na mtu mwenye hasira zile zile ndiye aliyeona dhahabu ambapo wengine walipita. Mwaka 1996 alikubali kumtoa Vlade Divac ili ampate kijana wa miaka 17 aliyetoka sekondari, anayeitwa Kobe Bryant, na kiangazi hicho hicho akamleta Shaquille O'Neal. Kichaa gani huyo?

KABURI LA JUU

Kesho yake nilipata lifti ya kupanda Ngorongoro. Tulipita lango la Loduare, ukungu ukatumeza, baridi ikapenya mpaka kwenye jezi yangu ya mtumba. Kule juu, ukingoni mwa kreta, gari likasimama penye mnara wa mawe. Wamelala pale Michael Grzimek, aliyekufa tarehe 10 Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai, akiwa na miaka 24, na baba yake, Bernhard, aliyefariki mwaka 1987.

Nikajisemea, kumbe hata hapa yapo. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata Oscar mwaka 1960. Mwaka 2015 televisheni ya Ujerumani ikatoa tamthilia ya maisha ya Bernhard, akichezwa na Ulrich Tukur. Wajerumani wanamjua mzee wa wanyama. Lakini mwaka ule ule wa 1959 Serengeti na Ngorongoro zilitenganishwa, na Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishiwa upande huu. Waulize wazee wao habari za enzi zile, utasikia simulizi nyingine kabisa.

Ndiyo kawaida ya skrini. Inachukua kipande kinachopendeza machoni, kingine inakiacha. Aliye hai anaweza kuandika barua kama West. Marehemu ataandika na nani?

Niliporudi Karatu nilimkuta yule kijana wa simu palepale kijiweni. Akaniita, "Bro, kumbe jamaa aliandika kitabu? Kinaitwaje?" Nikamwandikia jina kwenye simu yake, naye akaniuliza kama jezi naiuza. Siuzi!

Kwa hiyo wapenzi wa tamthilia, tazameni, chekeni, jipeni raha. Ila ukimaliza, tafuta na upande wa mwenye jina. Leo wamemfanyia Jerry West, aliyekuwa na mawakili. Kesho kamera zinaweza kupanda mpaka Mbulu kumtafuta Akhwari, au zikaishia Karatu, alikozaliwa Filbert Bayi, mvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974. Kama simulizi zao sisi hatujaziandika, tutakuja kuwacheka mashujaa wetu wenyewe kijiweni, chapati mkononi.