Kuku Akikoroma, Tumtazame Kabla ya Kununua Dawa



Katika vikundi vya akina mama tunavyovitembelea hapa Kitui, kuna swali moja ambalo haliishi: "Kuku wangu wanakoroma na kupanua mdomo, ninunue dawa gani?" Swali ni zuri, lakini kabla ya kuuliza dawa inafaa tuulize ugonjwa. Kuku anayekoroma anaweza kuwa na kideri, ambacho hakina dawa. Anaweza kuwa na mafua, ambayo yana dawa. Tena anaweza kuwa hana ugonjwa wa kifua hata kidogo, kumbe ana minyoo kwenye koo la hewa. Pakiti moja ya unga kutoka dukani haiwezi kuponya yote matatu.

Sote twajua kuku ni nini nyumbani. Katika boma nyingi ng'ombe ni wa baba, lakini kuku ni wa mama na watoto. Kuku ndiye sare ya shule, ndiye nauli ya hospitali, ndiye kitoweo cha mgeni. Mama mwenye kuku 15 akipotewa na 12 kwa juma moja, akiba yake imekwisha. Na kama shilingi za mwisho alizitumia kwa dawa isiyohusika, amepata hasara mara mbili.

KUTAZAMA NI KAZI YA KILA SIKU

Asubuhi unapofungua banda, simama kidogo uwatazame wakitoka. Mzima hutoka mbio kutafuta chakula. Mgonjwa hubaki nyuma, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, macho yamefumba. Usiku, kuku wakiwa wametulia, sogea karibu na banda usikilize. Kukoroma na kupiga chafya husikika vizuri wakati huo.

Usimwite kila apanuaye mdomo mgonjwa. Saa nane mchana jua likiwa kali, kuku mzima pia hupanua mdomo apate kupoa. Mpe kivuli na maji, kisha umtazame tena jioni. Vilevile ukiingia bandani harufu ya mavi ikakuchoma macho, hata kuku inawachoma. Hapo dawa ya kwanza ni jembe na ufagio.

KIDERI: HAKINA DAWA, KINA CHANJO

Kideri huletwa na virusi. Wengine hukiita Newcastle, kwa sababu mwaka 1926 kilitambuliwa karibu na mji wa Newcastle huko Uingereza. Dalili zake ni hizi: kuku wengi huugua kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Huhema kwa shida, hukohoa, huharisha kinyesi cha kijani. Wengine hupinda shingo, huzunguka mahali pamoja, au hulemaa miguu na mabawa. Vifo huja upesi, na kwa kuku wasiochanjwa boma linaweza kubaki na wawili au watatu tu.

Wazee wetu walitumia mshubiri, pilipili na majivu, na hata leo wengi hutumia. Hatuwacheki. Lakini tusijidanganye: mshubiri hauui virusi vya kideri, wala dawa za bakteria zinazouzwa dukani haziviui. Kuku aliyepona amepona kwa nguvu za mwili wake.

Kinga ipo, tena si ya gharama kubwa. Chanjo ya kideri hutengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, na inapatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Ile ya matone hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku. Zingatieni mambo haya:

1. Chupa moja mara nyingi ni ya kuku 100 au zaidi. Mama mwenye kuku 10 asiseme chanjo ni ghali. Jumuiya Ndogo Ndogo ichange pesa, kisha boma zote zichanje siku moja.

2. Chanjo ibebwe ikiwa baridi, ndani ya themosi yenye barafu, na isipigwe na jua. Ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho. Fuateni muda ulioandikwa kwenye karatasi yake.

3. Rudieni kila baada ya miezi 3 au 4.

4. Mchanjwe akiwa mzima. Mwili wake unahitaji kama majuma mawili kujenga kinga, kwa hiyo msingoje mpaka jirani alie.

Kideri kikishaingia, wafungieni kuku wasizurure. Waliokufa wachomwe au wazikwe katika shimo refu, mbali na mbwa. Na hapa tuseme wazi: wako watu ambao wakiona kuku wameanza kuhema, huwahi kuwapeleka sokoni kabla hawajafa. Anayemnunua ni mama kama wewe. Anambeba hadi kwake pamoja na ugonjwa, na juma lijalo boma lake ni kimya. Huko si kumpenda jirani.

MAFUA: YANA DAWA, LAKINI KWA MPANGO

Mafua ya kuku huletwa na bakteria. Uso huvimba, hasa chini ya macho. Jicho hujifunga kwa tongo. Puani hutoka kamasi, na mara nyingi kamasi hiyo inanuka vibaya. Kuku hupunguza kula na kutaga. Ugonjwa huenea upesi, lakini tofauti na kideri, si wengi wanaokufa. Shingo haipindi.

Kuna pia ugonjwa mwingine wa bakteria ambao huenda polepole. Kuku hukoroma kwa majuma mengi, hasa usiku, hawanenepi, na mayai hupungua. Huu unaweza kupita ndani ya yai hadi kwa kifaranga, basi msiatamishe mayai ya kuku anayekoroma.

Magonjwa haya mawili hutibiwa kwa antibiotiki inayochanganywa na maji ya kunywa. Afisa wa mifugo au mwenye duka aliyesomea kazi hiyo akueleze ni ipi na kipimo gani. Yakuhusu wewe haya: mtenge mgonjwa, msafishe macho na pua kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, na umalize siku zote za dawa hata akionekana amepona siku ya pili. Nyingi za dawa hizi ni ndugu za zile tunazopewa sisi hospitalini. Tukizitumia ovyo, vijidudu huzizoea, na siku mtoto akiugua dawa haimfai.

Jambo moja zaidi: kuku aliyepona mafua anaweza kuendelea kubeba vijidudu na kuwapa wenzake. Asiwe wa kuzalisha. Siku za dawa na za kungoja zikiisha, awe kitoweo.

Ukifungua mdomo ukaona utando wa manjano ulioshika ndani, na usoni kuna vidonda vyeusi, huenda hiyo ni ndui. Nayo ni ya virusi, na kinga yake ni chanjo.

MINYOO YA KOO LA HEWA

Hawa ndio huwachanganya watu. Kifaranga au kuku mdogo hunyoosha shingo, hupanua mdomo kama anayepiga miayo, hukung'uta kichwa, kisha hutulia, halafu huanza tena. Uso haukuvimba, kamasi hakuna, kinyesi si cha kijani. Ndani ya koo la hewa kuna minyoo myekundu, dume na jike wameshikana kama herufi Y, nao humziba pumzi. Kuku huipata kwa kula mayai ya minyoo kutoka ardhini, au kwa kula nyungunyungu na konokono wanaoibeba. Ndiyo maana huonekana zaidi wakati wa mvua.

Antibiotiki hapa ni pesa iliyotupwa. Kifaranga wa namna hii akifa peke yake, funga mikono kwa mfuko wa plastiki, pasua koo la hewa kwa mkasi mdogo kwa urefu wake, utazame. Ukiona nyuzi nyekundu, umepata jibu. Lakini kuku wengi wakifa kwa ghafla, msipasue wala msile. Piteni kwa afisa wa mifugo kwanza.

MINYOO YA TUMBO

Minyoo hii haiui kwa kelele. Kuku anakula vizuri lakini hanenepi. Mshike kifuani: ukisikia mfupa mkali kama kisu, ujue kuna shida. Upanga wake umepauka, manyoya hayang'ai, mayai ni machache. Minyoo mikubwa ya mviringo ni meupe na huweza kufika sentimita 12. Ikiwa mingi huziba utumbo. Minyoo bapa, yaani tegu, huonekana kinyesini kama punje ndogo za mchele. Kuku huipata kwa kula siafu na wadudu wengine.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Dawa ya piperazini, ambayo ni rahisi kupata, hutoa ile minyoo mikubwa ya mviringo tu. Haigusi tegu wala minyoo ya koo. Kwa hiyo dukani usiseme tu "nipe dawa ya minyoo." Sema ulichokiona, kisha uliza: dawa hii inaua minyoo gani? Levamisole hutoa aina kadhaa za minyoo ya mviringo, na kwa tegu kuna dawa nyingine.

Kuku wanaozurura wapewe dawa kila miezi mitatu, na vifaranga waanze wakiwa na majuma 6 hadi 8. Jioni ondoa maji, asubuhi wape maji yenye dawa wakiwa na kiu, kiasi watakachokimaliza upesi. Wape wote siku moja, maana ukimwacha mmoja atawarudishia wenzake. Baada ya dawa ondoa kinyesi chote bandani ukitie kwenye shimo la mbolea, kwa sababu mayai ya minyoo hukomaa nje kwa muda wa majuma mawili hivi, yakawa tayari kumwingia kuku tena.

Kifaranga anayeharisha damu, hiyo mara nyingi si minyoo. Ni koksidiosisi, na ina dawa yake. Usimpotezee siku kwa dawa ya minyoo.

MAYAI NA NYAMA WAKATI WA DAWA

Kila dawa ina siku za kungoja kabla ya kula au kuuza mayai na nyama. Zimeandikwa kwenye pakiti. Kama maandishi ni madogo au ni ya Kiingereza, mwombe mwenye duka akusomee kabla hujalipa, na uziandike ukutani kwa makaa.

KUKU MGENI AKAE KANDO

Magonjwa mengi hayaji kwa upepo tu, huja ndani ya kikapu. Kuku uliyemnunua sokoni, uliyepewa kwenye mahari, au hata uliyemnunua kwenye mnada wa matoleo baada ya Misa, akae kando majuma mawili. Sadaka haimkingi na kideri! Apewe chombo chake cha maji, na umlishe baada ya kuwalisha wako. Hata waliorudi kutoka sokoni bila kuuzwa wahesabiwe wageni.

Banda lifagiliwe, liwe na hewa bila upepo wa kupiga kuku moja kwa moja. Maji yabadilishwe kila siku. Vifaranga walale mbali na kuku wakubwa.

TUFANYE NINI SASA

Tunaomba kila kikundi kichague siku mbili za kwanza: moja mwezi wa Mei kabla ya baridi ya Juni, nyingine mapema Novemba kabla ya kuku kuanza kusafirishwa kwa ajili ya Krismasi. Siku hizo boma zote zichanje. Halafu mhesabu miezi, msikose chanjo ya katikati kama muda wake umefika. Mchagueni mtu mmoja mwenye kuandika tarehe, idadi ya kuku na dawa iliyotumika. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, basi ofisi ya karibu nanyi ndiyo ya kuuliza. Mkiwa kikundi, afisa atakuja kwa urahisi kuliko kuitwa na boma moja.

Na kuku akianza kukoroma kesho, jiulize kwanza: wangapi wanaugua? Uso umevimba? Kinyesi ni cha rangi gani? Shingo imepinda? Nenda dukani na majibu hayo manne, usiende na pesa peke yake.