Mwana Kupona Alimlea Mtu Kabla ya Mke

Mnamo mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia. Alikuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu.

Wengi huutaja utendi huu kuwa ni mafunzo kwa mke juu ya kumtunza mumewe. Ni kweli mume amepewa beti nyingi, lakini hakutangulizwa. Kwanza mama anamwusia bintiye dini, pili adabu na ulimi mwema, tatu ukweli. Mpangilio huo una maana kubwa: asiyekuwa na haya mbele ya Mungu wala ukweli mbele ya watu, ndoa haitampa tabia hizo.

Namna yake ya kufundisha nayo ni somo. Anamwita binti aje karibu na wino na karatasi, kwa kuwa ana jambo la kumwambia. Akifika kwenye ndoa haishii kwenye amri. Anasimulia alivyoishi na mumewe, na jinsi mume huyo alivyoaga dunia akiwa radhi naye. Nasaha inatoka kinywani mwa aliyeitenda. Umbo la utendi nalo linasaidia: kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, na kina cha mwisho kinarudi tangu mwanzo hadi tamati, hivyo maneno hushikika kichwani kwa wepesi.

Si kila agizo linatufaa leo. Mwana Kupona alikuwa wa tabaka la wenye watumwa, akamwonya bintiye asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Ubaguzi huo tusiurithi. Lakini mama huyohuyo anamtaka bintiye asimdharau mhitaji anayemjia, bali amtendee awezalo. Hilo tulishike.

Mama wa leo, usingoje wiki ya harusi ukawaachia makungwi kazi yote. Keti na binti yako mapema. Mweleze sababu ya kila unalomkataza, na umsimulie ulivyoishi wewe. Ukimtaka awe mkweli, asikusikie ukimwagiza mtoto mlangoni amwambie mgeni kuwa hupo. Binti hupima maneno ya mamaye kwa matendo yake, na hapo ndipo tabia yake hujengeka.